Rekodi haitarudiwa: Maandalizi ya mtihani wa kusikiliza Kiingereza huanzia nyumbani

Kati ya stadi nne zinazopimwa katika mitihani ya kimataifa ya Kiingereza, kusikiliza ndiyo inayochukuliwa kirahisi kuliko zote. Watahiniwa wengi hutafuta mwalimu wa insha, hufanya mazoezi ya kuzungumza mbele ya kioo, hukariri misamiati, lakini masikio huachwa yajitegemee. Mtu amesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, chuo amekimaliza kwa Kiingereza, na kila wikiendi anaangalia filamu za Kiingereza. Atashindwaje kusikia?

Jibu hulipata ndani ya chumba cha mtihani. Sauti inaanza, watu wawili wanazungumza kwa kasi yao ya kawaida, mmoja anataja jina la mtaa na namba ya simu, na kabla kalamu haijamaliza kuandika herufi ya tatu, mazungumzo yameshahamia kwenye bei. Hakuna kusema "tafadhali rudia". Rekodi inapigwa mara moja tu.

Kwa familia nyingi za Kitanzania, jambo hili si la kitaaluma tu. Anayefanya mtihani huu mara nyingi ni mama au baba mwenye watoto, ana zamu za kazi, na ana ndugu wanaomtegemea. Wapo wanaotafuta nafasi ya masomo ya juu nje ya nchi, na wapo wauguzi wanaotaka kusajiliwa Uingereza. Kwa wauguzi, baraza linalosimamia taaluma hiyo nchini humo, NMC, linataka wastani wa alama 7 katika mtihani wa IELTS wa kitaaluma. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza kusishuke chini ya 7, na kuandika kusishuke chini ya 6.5.

Maana yake ni kwamba anayepata 8 katika kuzungumza na 6.5 katika kusikiliza bado hajafika. Nusu alama ya sikio inatosha kuisimamisha safari nzima. Ada ya mtihani ni mamia ya maelfu ya shilingi, na katika nyumba nyingi fedha hiyo imetoka kwenye kikoba, kwenye akiba ya karo, au kwa ndugu aliyekopesha akitumaini kuona matunda. Ukirudia, unalipa tena.

Mtihani wenyewe ukoje

IELTS inamilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Chuo Kikuu cha Cambridge kupitia idara yake ya uchapishaji na mitihani. Sehemu ya kusikiliza huchukua takribani dakika 30 na ina maswali 40 yaliyogawanywa katika sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni mazungumzo ya watu wawili kuhusu jambo la kila siku, kama kupanga nyumba au kuandikisha mtoto kwenye darasa la kuogelea. Ya pili ni mtu mmoja anayeeleza jambo la kijamii, kwa mfano ratiba ya ziara au huduma za maktaba. Ya tatu ni mazungumzo ya watu wanaojadili masomo, na ya nne ni mhadhara. Ugumu unapanda kadiri mtahiniwa anavyosonga mbele, na sehemu ya nne haina mapumziko katikati.

Lafudhi nazo hubadilika. Mtahiniwa anaweza kumsikia Mwingereza, kisha Mwaustralia, kisha Mmarekani. Aliyezoea filamu za Marekani peke yake anaweza kupotezwa na herufi ya mwisho ya alfabeti, ambayo Mmarekani anaiita "zii" na Mwingereza "zed".

Kwa kawaida, anayepata majibu sahihi 23 kati ya 40 hufika alama 6, na anayepata 30 hufika 7. Tofauti ni maswali saba tu. Ndiyo maana makosa madogo, kama kusahau "s" ya wingi au kuandika herufi isiyo yake, hugharimu sana. Jibu lililokosewa tahajia huhesabiwa kuwa si sahihi, hata kama mtahiniwa alisikia vizuri.

Wafanyakazi wa afya wana njia nyingine pia, mtihani wa OET, ambao NMC inaukubali. Huko mtahiniwa husikiliza mgonjwa akizungumza na mtoa huduma, makabidhiano ya kazini na mahojiano ya kitaalamu. Mada zake ni za wodini, lakini sharti ni lilelile: sauti hupigwa mara moja.

Sikio la Kiswahili linapoteleza

Watanzania wengi wanaokosa alama katika kusikiliza wanakijua Kiingereza. Shida ni kwamba walikijifunza kwa macho. Shuleni lugha hiyo huja kwa ubao, daftari na kitabu, na mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne hufanywa kwa karatasi na kalamu. Mtu anaweza kusoma ripoti ndefu bila taabu na bado asitambue neno analolijua linapotamkwa na mwenyewe.

Kosa la kwanza na la kawaida zaidi ni herufi. Kwa Mswahili, "i" ni "i" na "e" ni "e". Kwa Mwingereza, herufi E huitwa "ii", na A huitwa "ei". Chukua jina Hale likitajwa herufi moja moja: "eichi, ei, eli, ii". Mkono ulioshikwa na haraka utaandika HELI, na alama imepotea. G na J nazo hubadilishana, kwa sababu moja ni "jii" na nyingine ni "jei". Msemaji akisema "double L", anataka L mbili. Akitaja "oh" katikati ya namba ya simu, ni sifuri.

Kosa la pili ni saa. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo. Akisikia "seven", akili yake inasema saa moja, na mkono unaandika 1. "Quarter to ten" inageuka saa nne kasorobo, kisha inakwama njiani wakati jibu ni 9:45 tu. Dawa yake ni kuacha kutafsiri. Kinachosikika kwa Kiingereza kiandikwe kwa tarakimu papo hapo, bila kupitishwa kwenye Kiswahili.

Kosa la tatu ni namba zinazofanana. Kumi na tano na hamsini haziwezi kuchanganywa na mtu yeyote, lakini "fifteen" na "fifty" hukaribiana sana zinaposemwa haraka. Kinachozitenganisha ni mahali mkazo unapoangukia. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio halijazoea kuutumia kutofautisha maneno. Wachache watakumbuka barabara ya magari na barabara ya "sawasawa", maneno mawili yanayoandikwa vilevile na kutenganishwa na mkazo peke yake. Kiingereza kina mambo hayo kila kona.

Kosa la nne ni silabi zinazomezwa. Kiswahili kinaipa kila silabi haki yake: ki-ta-bu. Kiingereza hutamka silabi moja kwa nguvu na kuzipitia nyingine juu juu. Neno "comfortable" linalosomwa na mwanafunzi kwa silabi nne zilizo wazi hutoka mdomoni mwa Mwingereza kama "kamftabo". "Wednesday" inakuwa "wenzdei". Asiyewahi kuyasikia maneno hayo yakitamkwa hivyo atadhani ni msamiati mpya.

Mitego iliyopangwa

Zaidi ya lugha, kuna mitego ambayo watunga mtihani huiweka makusudi. Mteja anasema atakuja Jumanne, halafu anakumbuka kwamba siku hiyo ana miadi ya kliniki, basi anaomba Alhamisi. Aliyeandika Jumanne na kutulia ameshakosa. Jibu la kwanza kusikika mara nyingi si jibu.

Mtego mwingine ni maneno yanayobadilishwa. Karatasi inauliza kitu gani ni "free", lakini msemaji anasema "there's no charge". Anayesubiri kusikia neno lilelile lililoandikwa atasubiri hadi sehemu iishe.

Kisha kuna sharti la idadi ya maneno. Maelekezo yakisema jibu lisizidi maneno mawili, anayeandika matatu hukosa hata kama la kweli limo ndani yake. Hili halihitaji Kiingereza kingi. Linahitaji mtu asome maelekezo kila mara, kwa sababu hubadilika kutoka kundi moja la maswali hadi lingine.

Kusikiliza kidogo, kwa kalamu

Mazoea yaliyoenea ni kuacha redio au video ya Kiingereza ikiongea huku mtu anapika au anafua, kwa matumaini kwamba lugha itaingia yenyewe. Kuna faida kidogo, hasa ya kuzoea lafudhi. Lakini mtihani hauulizi kama sauti ilipita sikioni. Unauliza kilichosemwa, kiandikwe, na kwa tahajia sahihi. Mtu anaweza kusikiliza saa tatu kila siku kwa miezi miwili na alama zikabaki palepale.

Mazoea mengine yanayodanganya ni kusimamisha rekodi kila inapokuwa ngumu, au kuangalia filamu yenye maandishi chini. Macho husoma, sikio hulala.

Njia inayofaa zaidi ni fupi na ngumu. Vitabu vya mazoezi vya IELTS vinavyotolewa na Cambridge huwa na mitihani minne kila kimoja. Kitabu kimoja kikitumiwa vizuri kinatosha mwezi mzima: mtihani mmoja kamili kila Jumamosi, kwa muda uleule na bila kusimamisha sauti. Siku zinazofuata si za kukimbilia mtihani mwingine, ni za kuuchambua ule wa Jumamosi.

Uchambuzi huo huenda hivi. Kwanza majibu husahihishwa bila huruma. Kisha mtahiniwa anasikiliza tena sehemu aliyokosea, safari hii maneno yaliyochapishwa nyuma ya kitabu yakiwa mbele yake, hadi alisikie lile lililompita. Halafu anaitamka sentensi hiyo kwa sauti, akiiga kasi na mkazo wa msemaji. Mdomo uliowahi kusema "kamftabo" hulifanya sikio lilitambue neno hilo safari nyingine.

Mwisho, kila kosa huandikwa kwenye daftari pamoja na sababu yake. Je, neno halikusikika kabisa? Lilisikika lakini tahajia ikakosewa? Alidakwa na jibu la kwanza? Alizidisha maneno? Au aling'ang'ania swali la tano hadi la sita na la saba yakapita? Baada ya wiki mbili daftari hilo humwonyesha mtu ugonjwa wake halisi, na mara nyingi si ule aliodhani. Anayejilaumu kwamba hajui msamiati anaweza kukuta nusu ya makosa yake ni herufi na wingi.

Kwa asiye na uwezo wa kununua vitabu, tovuti za British Council na BBC Learning English zina mazoezi ya bure ya kusikiliza pamoja na maandishi yake. Anayeogopa kumaliza bando anaweza kupakua sauti chache mahali penye intaneti ya bure na kuzitumia wiki nzima. Sauti tano zilizochambuliwa zina faida kuliko hamsini zilizopita hivihivi.

Dakika 40 za ukimya

Hapa ndipo nyumba nzima inapoingia. Mazoezi ya kusoma yanaweza kufanyika kwenye daladala, na insha inaweza kuandikwa usiku mezani watoto wakiwa wamelala. Kusikiliza kunahitaji ukimya, na ukimya ndicho kitu adimu katika nyumba yenye watoto, televisheni sebuleni, na jirani aliyefungulia muziki tangu asubuhi.

Familia haihitaji kunyamaza siku nzima. Dakika 40 mara nne kwa wiki zinatosha, mradi zijulikane. Muda usiotajwa huliwa na kila anayepita: mmoja anauliza chumvi iko wapi, mwingine anataka kusainiwa daftari, na rekodi inaendelea. Ratiba ikibandikwa kwenye friji au ukutani, hata mtoto wa darasa la pili ataelewa kwamba mama akiweka spika za masikioni, maswali yanasubiri.

Muda wenyewe uchaguliwe kwa akili. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku hatasikia chochote saa mbili asubuhi, hata chumba kiwe kimya kama msikiti usiku. Kwa wengi alfajiri hufaa, kabla mtaa haujaamka. Wiki ya mwisho, hata hivyo, ni vyema kufanya zoezi moja au mawili mahali penye kelele kidogo, kwa sababu ukumbi wa mtihani nao una watu wanaokohoa na viti vinavyoburuzwa.

Watoto wanaweza kufanya zaidi ya kukaa kimya. Imla, zoezi ambalo kila aliyepita shule ya msingi analikumbuka, ni dawa nzuri ya tatizo la herufi na namba. Mtoto anayejua alfabeti ya Kiingereza anachukua jina lililoandikwa kwenye boksi la dawa, namba ya gari iliyoegeshwa nje, au namba za simu, anazitaja kwa Kiingereza mara moja tu, na mzazi anaandika. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni zinatosha. Lafudhi ya mtoto si ya Mwingereza, lakini A, E na I hazihitaji Mwingereza.

"Mama, hapo nimesema A, umeandika E." Sentensi kama hiyo kutoka kwa mtoto wa miaka kumi inaweza kumchoma mzazi, hasa anayeheshimika kazini. Ndiyo maana mzaha uwe na mipaka. Zoezi hili haliondoi heshima ya mzazi. Watoto nao huona kwa macho yao kwamba mtu mzima hukosea, husahihisha, na kurudia, jambo ambalo mawaidha mengi kuhusu masomo yameshindwa kuwafundisha.

Mume au mke ana sehemu yake pia, na ni nzito kuliko kupunguza sauti ya televisheni. Nyuma ya mtihani huu kuna swali ambalo nyumba nyingi huliahirisha: akifaulu, itakuwaje? Nani atabaki na watoto, kwa muda gani, na mshahara wa kwanza utalipa deni gani? Swali hilo lisipojibiwa, hujitokeza kwa sura nyingine. Mwenzi anakumbuka shughuli za haraka kila muda wa mazoezi unapofika, au anasema Kiingereza chako kinatosha, acha kujitesa. Ni afadhali wawili hao wakae walizungumze kabla ada haijalipwa, kuliko mmoja kusoma kana kwamba anaiba.

Siku yenyewe

Atakayefanya mtihani kwa karatasi hupewa dakika 10 mwishoni za kuhamishia majibu. Atakayefanya kwa kompyuta huandika moja kwa moja kwenye skrini na kupewa dakika mbili tu za kukagua. Hivyo mazoezi yafanane na mtihani aliouchagua. Aliyejifunza kwa penseli na hajazoea kibodi atajikuta akitafuta herufi wakati msemaji anaendelea.

Kabla ya kila sehemu hutolewa muda mfupi wa kusoma maswali. Muda huo ni mali. Mtahiniwa hutazama kila pengo na kujiuliza kinachotakiwa ni nini: jina, tarehe, bei, umoja au wingi? Maswali hufuata mpangilio wa mazungumzo, kwa hiyo sikio linakuwa limeshajua linavizia nini.

Likipita swali moja, liachwe. Hii ndiyo nidhamu ngumu kuliko zote, kwa sababu akili hupenda kurudi nyuma kutafuta kilichopotea, na wakati inarudi, mawili mengine yamepita. Mwishoni, pengo lisiachwe tupu, maana jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Anayetoka mkoani asifike mjini alfajiri ya siku hiyohiyo akiwa na ngurumo ya basi bado masikioni. Kitambulisho kiwe kilekile kilichotumika kujiandikisha.

Limebaki swali la lini kulipa. Wengi hulipa kwanza ili tarehe iwasukume kusoma. Kwa mwenye fedha za ziada, sawa. Kwa anayetoa fedha kwenye kikoba, ni salama zaidi kusubiri hadi mitihani mitatu mfululizo ya mazoezi, ambayo hajawahi kuisikia, impe majibu 32 au zaidi iwapo anatafuta alama 7. Yale mawili ya ziada ni akiba ya woga wa siku ya mtihani. Akiwa bado na 27, asikate tamaa na asilipe pia. Afungue daftari la makosa, aangalie ni kosa lipi linajirudia mara nyingi zaidi, na wiki hiyo ashughulike na hilo peke yake.